Kilo za Mwanamke ni Mali ya Nani?

Mhadhara uliotolewa Bukoba mbele ya walimu, wauguzi, viongozi wa vikundi vya akina mama na wananchi

  

Niliombwa nizungumzie uzito na afya ya mwanamke. Nadhani wengine mlitegemea nije na orodha ya vyakula: hiki kuleni, kile acheni. Orodha hizo mnazo tele kwenye simu zenu. Nimekuja na jambo jingine. Mengi tunayoambiwa kwa jina la afya kuhusu mwili wa mwanamke ni maoni ya watu juu ya sura yake. Yakichanganywa na tiba, mwanamke huumia mara mbili: sura yake inasemwa hadharani, na ugonjwa wake haupimwi. Nina hoja tano. Mbili nitazipitia haraka, na nitawaomba radhi kwa zile nitakazozikalia.

Hoja ya kwanza: kabla ya mzani kulikuwa na fimbo

Hatuna haja ya kwenda mbali. Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akapokewa na Mfalme Rumanika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 anasimulia kwamba wanawake wa ukoo wa kifalme walinyweshwa maziwa mpaka wakashindwa kusimama wima. Alimpima shemeji wa mfalme: mzingo wa mkono inchi 23, paja inchi 31, urefu futi 5 na inchi 8. Kwa vipimo vya leo, mkono wa mama yule ulikuwa na mzingo wa sentimeta 58. Kando yake aliketi binti yake wa miaka 16, mdomo kwenye chombo cha maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili binti asiache kunywa.

Speke alikuwa mgeni, na mgeni huandika kwanza yanayomshangaza. Lakini fimbo ile naiamini, kwa sababu naielewa kazi yake. Ng'ombe wa baba walionekana mwilini mwa binti. Yule msichana alikuwa tangazo la zizi, na kama alishiba au hakushiba, hilo halikuwa swali la mtu yeyote pale.

Tangu hapo walioshika fimbo wamebadilika mara nyingi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969. Ilipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua, kwa jina la utamaduni wa taifa. Wanaume nao walitajwa, lakini waliozongwa na kuzomewa barabarani Dar es Salaam walikuwa hasa wasichana. Februari 2019, ng'ambo ya mpaka wetu, Godfrey Kiwanda, Waziri wa Nchi wa Utalii wa Uganda, alizindua shindano la wanawake wenye maumbo makubwa na kupendekeza watangazwe kama kivutio cha utalii. Wanawake wa Uganda walimjibu kwa ukali, na walikuwa na haki. Mmoja anakataza goti lisionekane, mwingine anaita watalii waje kutazama nyonga. Wote wawili wanaanza na imani ileile, kwamba mwili huu una wasemaji wengi kabla ya mwenyewe.

Hoja ya pili: tulifundishwa kuogopa wembamba, na aliyetufundisha ni kifo

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ni historia yetu wenyewe.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika Hospitali ya Ndolage, mkoani humu. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Waganda wenyewe waliuita Slim, yaani wembamba. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa mji huu wa Bukoba wana virusi. Wazee mlioko hapa hamhitaji nieleze maana ya robo. Mnakumbuka nyumba kwa nyumba.

Katika miaka ile, mwanamke aliyepungua kilo mbili alishahukumiwa. Nawakumbuka akina mama waliovaa sketi mbili na sweta katikati ya mchana wa jua kali, ili wakienda kanisani wasionekane wamekwisha. Mwanamke mwenye kifua kikuu, au aliyenyonyesha mapacha, au aliyefiwa na mume na kukosa hamu ya chakula, wote walisomwa ukurasa mmoja. Na salamu zetu zilichukua rangi ya hofu hiyo. Hadi leo, ukikutana na mtu na kumwambia "umenenepa", wengi wetu tunamaanisha: ashukuriwe Mungu, bado upo. Ukimwambia "mbona umekonda", unamuuliza swali ambalo hulitamki.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na watu waliokuwa wamebebwa kwa machela wakarudi shambani. Kisha mwaka 2019 nchi ilianza kuhamia kwenye dawa mchanganyiko yenye dolutegravir, dawa nzuri, yenye nguvu na inayovumilika kuliko zilizotangulia. Mwaka huohuo yakachapishwa matokeo ya utafiti wa ADVANCE uliofanyika Johannesburg: waliotumia dawa zenye dolutegravir waliongezeka uzito kuliko waliotumia dawa za zamani, na wanawake waliongezeka kuliko wanaume.

Sasa mfikirieni mama mmoja tu, ambaye miaka yake yote ameishi mkoa huu. Mwaka 1990 alikuwa binti mwembamba, akasengenywa kwamba anao. Leo anatumia dawa zake bila kukosa, virusi vimefubaa, amefikisha kilo 88, akienda kliniki anaambiwa apunguze kula. Hakuna aliyemweleza kwamba huenda dawa ina sehemu yake. Hakuna aliyempima sukari. Wauguzi, sisemi haya kuwalaumu. Najua foleni yenu ina urefu gani na mko wangapi. Nasema kwa sababu mama huyo akiamini kwamba kosa ni lake, ipo siku ataacha dawa ili apungue. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Hoja ya tatu: kipimo kinachotumika kutuhukumu hakikutengenezwa kwa ajili yetu

Mnaijua BMI. Uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huohuo. Chini ya 18.5 umepungua, 25 hadi 29.9 umezidi, 30 na kuendelea unaitwa mnene wa kupindukia.

Hesabu hiyo ilianzia katika miaka ya 1830 kwa Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mwanahisabati na mwanaastronomia aliyetafuta sura ya mtu wa wastani. Hakuwa akitibu wagonjwa. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, wakati mtafiti wa Marekani Ancel Keys na wenzake walipolinganisha njia kadhaa za kukadiria unene. Walitumia takwimu za watu 7,424 kutoka nchi tano. Wote 7,424 walikuwa wanaume.

Keys alitaka chombo chepesi cha kulinganisha makundi ya watu, na kwa kazi hiyo kinafaa mpaka leo. Kwa hicho tunajua kwamba utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wamezidi uzito au ni wanene wa kupindukia, huku 10 katika kila 100 wakiwa wamepungua. Takwimu hizo ni za kweli na ni nzito. Ila kipimo hicho hakijui mafuta yamekaa wapi. Mama anayebeba mikungu ya ndizi kutoka shambani, mwenye misuli ya miguu, anaweza kupata namba ileile ya mtu anayekaa kutwa nzima na mafuta yake yote yamezunguka ini. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa moyo na sukari. Ndiyo maana Uingereza tangu 2022 inawashauri watu wapime pia kiuno, kisifikie nusu ya urefu: mwenye sentimeta 160, kiuno kiwe chini ya 80. Januari 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa, katika moja ya majarida ya Lancet, lilipendekeza mtu asiitwe mgonjwa wa unene kwa BMI peke yake, mpaka ionekane viungo vyake vimeathirika au shughuli zake za kila siku zimekwama.

Utepe wa fundi cherehani unatosha kwa kazi ya kiuno. Kila nyumba inaweza kuwa nao.

Hoja ya nne: ahadi zinazouzwa haziwezekani, na baadhi zinaua

Nimekuja na pakiti hii. Nitaipitisha mezani, mwiangalie wenyewe. Mbele kuna kiuno cha mwanamke kimezungushiwa utepe wa kijani. Imeandikwa ni ya asili kwa asilimia 100, haina madhara, inapunguza kilo 15 ndani ya siku 14, inasafisha kizazi, inatoa sumu mwilini, inang'arisha ngozi. Igeuzeni. Hakuna jina la mtengenezaji wala namba ya usajili. Kiasi cha kila kiungo hakijaandikwa. Kuna namba ya simu ya kuagizia tu.

Tufanye hesabu pamoja. Walimu wa hesabu mnisahihishe. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori zipatazo 7,700. Mwanamke wa kawaida hutumia kama kalori 2,000 kwa siku. Tuseme asitie chochote kinywani kwa siku 14, asinywe hata uji. Atakuwa ametumia kalori 28,000. Gawa: ni kilo 3.6. Kwa njaa kamili, njaa ya kumlaza kitandani, mafuta yanayoungua hayafiki kilo 4. Basi kilo 15 zinatoka wapi? Zikitoka kweli, ni maji, ni misuli, ni choo. Au mtu anaumwa.

Chai nyingi za kukata tumbo zina sanamaki. Bibi zetu wa pwani waliijua vizuri kama dawa ya kufungua choo, na walijua pia kwamba haitumiki kila siku. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kilishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unapoteza maji na chumvi za mwili, mzani unashuka, unafurahi, kesho kutwa unapanda. Ukiendelea miezi, potasiamu inashuka, na moyo unahitaji potasiamu ili upige sawasawa.

Hilo ni jepesi. Zito ni sibutramine. Ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito mpaka mwaka 2010, Ulaya na Marekani zilipoiondoa baada ya utafiti kuonyesha kwamba inaongeza shambulio la moyo na kiharusi. Tangu wakati huo wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wameikuta tena na tena imefichwa ndani ya vidonge na kahawa zinazouzwa kama mitishamba. Mtu anadhani anakunywa majani, kumbe anakunywa dawa iliyokatazwa, na mwenye presha hajui ni kwa nini kichwa kinamgonga.

Upande wa pili wa duka hilohilo kuna vidonge vya kunenepesha, vya kuongeza makalio na nyonga, kwa binti anayeambiwa hana shepu. Vingi hutumia deksamethasoni au siproheptadini. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Inaleta usingizi na njaa. Deksamethasoni ni dawa muhimu sana hospitalini, lakini ukiimeza miezi mfululizo bila daktari, uso unavimba ukadhani umependeza, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, kinga inashuka. Na ukiiacha ghafla ni hatari nyingine, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zimeshazoea kutofanya kazi yake. Mabinti, nawaomba kwa dhati: ambaye anavitumia sasa hivi asiviache peke yake chumbani. Aende hospitali, aseme ukweli, apunguziwe dozi taratibu.

Mtaniuliza kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito. Semaglutide ni dawa ya kweli. Katika utafiti uliochapishwa 2021, waliochomwa kwa wiki 68, pamoja na ushauri wa chakula na mazoezi, walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Walioacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza. Inahitaji daktari, friji na fedha za miaka. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu bidhaa bandia zenye jina hilo zilizokamatwa katika nchi tatu. Anayekuuzia sindano hiyo kutoka kwenye mkoba wa begani, mkimbie.

Hoja ya tano: aibu haijawahi kushusha sukari

Hii ni fupi. Utafiti wa Marekani uliofuatilia watu kati ya 2006 na 2010 ulikuta kwamba, miongoni mwa wasiokuwa wanene mwanzoni, waliowahi kubaguliwa kwa ajili ya uzito walikuwa na uwezekano mara mbili na nusu wa kuwa wanene miaka minne baadaye. Mimi sishangai. Mama akichekwa kwenye mzani wa kliniki, mwezi ujao haji. Asipokuja, presha yake ya ujauzito haionekani. Na kitambi cha mumewe, chenye hatari kubwa kwa moyo, kinaitwa heshima, kinapigwapigwa kwa mkono kwenye vikao. Akina baba, nanyi pimeni viuno.

Wapo watakaosema mhadhiri huyu anatetea unene. Hapana. Uzito mkubwa unaongeza kisukari, presha, maumivu ya magoti, matatizo ya ujauzito, saratani ya mfuko wa uzazi, na saratani ya matiti baada ya hedhi kukoma. Nimewauguza wanaoumwa haya. Kwa sababu hiyohiyo natamani wapate ukweli, na ukweli una huruma kuliko matangazo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Wale waliopewa badala yake vidonge vya metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31.

Asilimia 7 kwa mama wa kilo 90 ni kilo 6 na kitu. Hakuna atakayemgeukia harusini. Nguo zake ni zilezile, jirani hatajua. Lakini kongosho lake litajua, na miaka kumi ya miguu isiyokatwa itajua. Faida kubwa ya afya inaweza kupatikana bila sura kubadilika kiasi cha mtu mwingine kuiona, na hakuna muuzaji anayeweza kuiweka kwenye pakiti.

Tunakwenda wapi

Nina maombi, na nayapeleka kwa wenye mamlaka nayo.

Kwa zahanati na vituo vya afya: mzani usogezwe nyuma ya pazia, na namba isitamkwe kwa sauti mbele ya foleni. Anayezidi uzito apimwe presha na sukari siku hiyohiyo kabla ya kupewa ushauri wowote. Kama vipimo vya sukari vimekwisha, hilo liandikwe kwenye ripoti ya mwezi, ili Halmashauri isiseme haikujua.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi: ukiona unaongezeka, sema. Usiache dawa. Kliniki iandike uzito wako kila mara na ikueleze inachokiona.

Kwa kamati za harusi, na hapa najua nagusa pazito: tumezoea bibi harusi kushindishwa njaa miezi miwili ili aingie kwenye gauni la send-off, au kulishwa vidonge ili alijaze. Gauni lina fundi. Apelekewe vipimo vya bibi harusi kama alivyo.

Kwa walimu: hesabu ile ya kalori 28,000 ni somo zuri la kugawanya. Wafundisheni watoto wa kidato cha kwanza, wasichana na wavulana pamoja, kabla muuzaji hajawafikia.

Na kwetu sote: kikao kijacho, kila mmoja aje na pakiti moja anayoiona nyumbani, dukani au saluni, ya kukondesha au ya kunenepesha. Hatutauliza ni ya nani. Tutazipanga juu ya meza hii, tutamwomba mfamasia akae nasi, tutatafuta namba ya usajili ya kila moja, na zisizo nayo tutaziorodhesha na kuzipeleka kwa barua kwenye ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Barua hiyo nitaiandika mimi, na nitaomba saini za wote watakaokuwepo.